Hamira na Mafuta ya Kitinda

Watu wa mtaa ule walimwita Hamira, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwoka mikate wa bekari ya kona, mtu wa kifua kipana na mikono yenye makovu ya tanuri, na mahali palipopoa hapakumfaa. Akiingia kwa kinyozi, foleni inageuka baraza. Akienda msibani, baada ya muda utaona watu wazima wanajifuta machozi ya kicheko kwa pembe ya kanga. Wako waliodai kwamba jina lile lilitokana na tumbo lake, lakini hao ni wale ambao hawajawahi kukaa naye.

Sasa mtu huyu, ambaye riziki yake yote ilikuwa unga, alipata mtihani ambao ukiusikia utadhani unataniwa: alipata mtoto asiyeruhusiwa kuonja mkate.

Alikuwa binti, kitinda mimba, na nyumbani waliishia kumwita Kitinda. Wakubwa zake walikwisha oa na kuolewa na kwenda zao, naye akabaki na wazazi wake kama mgeni aliyekuja karamu imekwisha na kukuta bado anapendwa. Alikuwa na kifafa. Mara nyingine macho yalimganda tu, kijiko kikabaki hewani. Mara nyingine alianguka kwa kishindo na kutikisika mpaka povu likamtoka. Dawa zilibadilishwa na kubadilishwa tena. Nyingine zilimpunguzia, nyingine zilimlaza mchana kutwa kama mlevi, na hakuna iliyokomesha. Mwishowe mwalimu mkuu akawaita wazazi, akawaambia kwa upole kwamba ngazi za shule ni za saruji, na mtoto akiendelea kuanguka itabidi akae nyumbani. Upole ule uliwauma kuliko ukali, maana Kitinda alikuwa mtoto wa kulia siku ya kufunga shule.

Ndipo hospitali ikawapeleka kwa mtaalamu wa lishe, mwanamke mfupi ambaye miwani ilikuwa ikimteleza puani kila anapoinama. Alisema kuna chakula cha kujaribu. Si dawa ya mtaani, ni tiba, na hufanywa chini ya uangalizi. Mkate utoke. Sukari itoke, wali, viazi na matunda matamu vitoke. Mahali pake yaingie mafuta, mafuta hasa, pamoja na mayai, samaki na mboga za majani, vyote kwa kupimwa kwenye mizani.

Hamira alimtazama kama mtu aliyeambiwa alete maji kwa pakacha.

"Dokta, samahani. Mafuta tu? Na ubongo wa mtoto ule nini?"

"Hilo ndilo swali lenyewe," yule mama akasema. "Wewe ni mwoka mikate, eti? Tanuri lenu linakula nini?"

"Kuni."

"Mdomo wake mpana?"

"Mwembamba. Gogo zima haliingii hata ulibembeleze."

"Nani anayapasua?"

"Yuko jamaa wetu uani, na shoka lake."

"Basi tumeelewana. Mafuta ni gogo. Ubongo una mlango mwembamba, gogo haliingii. Siku zote ubongo unakula sukari inayotoka kwenye mkate na vyakula kama hivyo. Sukari ikiadimika, ini linashika shoka. Linayachukua mafuta, linayachanja vipande vidogo vidogo, vinaitwa ketoni. Ketoni zinapita kwenye damu, zinaingia ubongoni, zinawaka vizuri tu. Moyo nao unazitumia, misuli inazitumia. Hata wewe ukilala na njaa mpaka asubuhi, ini lako litakuwa limeshachanja kidogo."

"Na ini lenyewe linaota huo moto?"

"Hapana. Ini halina uwezo wa kuzitumia ketoni. Linachanja kwa ajili ya wenzake."

"Hilo ini litakuwa la kike," akasema mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu waingie chumba kile wote wakacheka.

Hamira akauliza kwa nini moto wa namna hiyo uzuie kifafa. Yule mama akarudisha miwani yake juu. "Hapo nisikudanganye. Imeonekana kwa miaka mingi kwamba watoto wengine wakiishi kwa ketoni, kifafa kinapungua, na wengine kinawaacha kabisa. Kwa nini hasa, wataalamu bado wanabishana." Hamira alimpenda kwa jibu lile. Alikuwa amechoka na watu wanaojua kila kitu.

"Lakini nisikilizeni vizuri," akaendelea. "Ini lina masikio mepesi. Wanga ukiingia mwilini, insulini inapanda na kuliambia ini liweke shoka chini. Na kwa mtoto mdogo kama huyu, kidogo kinatosha. Hapa hakuna kuonja."

Shemeji yake Hamira, dada wa mkewe, alipopata habari alikuja mbio na vitisho vyake: hizo ketoni si ndizo zilizomuua binamu yao mwenye kisukari? Ikabidi warudi kuuliza. Wakaambiwa kwamba mgonjwa yule mwili wake haukuwa na insulini, kwa hiyo hapakuwa na wa kulizuia ini. Likachanja bila kikomo mpaka damu ikachachuka. Kitinda insulini yake alikuwa nayo, ndiyo hatamu. Na ndiyo sababu ya kupimwa mara kwa mara, ili mambo yasizidi wala yasipungue. Shemeji akasema yeye alikuwa akiuliza tu.

Basi nyumba ile ikageuka. Mimi nimeona wanaume wanaosema wangewafia watoto wao, na labda ni kweli, kufa ni mara moja. Hamira alifanya lililo gumu zaidi, akabadili mazoea. Alitoka kazini asubuhi watu wakienda makazini, na kabla ya kuvuka kizingiti alivua nguo za kazi uani, akazikung'uta mbali, akanawa mikono, uso na nyusi kwenye bomba, iwe baridi isiwe baridi. Unga usivuke mlango. Mtu aliyekuwa akisema nyumba isiyo na mkate ni stoo, akawa anakula mkate wake kazini, amesimama, kisha anasukutua kinywa ili mtoto asisikie harufu akimkumbatia. Bekari ilikuwa na mafuta ya mgando safi kuliko ya dukani, yakija katika maboksi, na mwenye bekari alimruhusu kuchukua. Akawa anamletea Kitinda mwenyewe, kipande kwa kipande, amekifunga kama zawadi. Mkewe aliyapima, akakaangia mayai, akachanganya kwenye mboga.

Walipewa vijiti vya kupimia mkojo. Kijiti kikichovywa, ncha yake ikibaki na rangi ya maziwa, hakuna ketoni. Ikigeuka zambarau, ini liko kazini. Siku zambarau ya kwanza ilipotokea, Hamira alitoka na kijiti kile mpaka barazani kumwonyesha muuza magazeti, na ilibidi mkewe amkumbushe kwamba ule ni mkojo.

Kifafa kikaanza kurudi nyuma. Kwanza kikapungua, kisha kikakaa kimya. Pumzi ya Kitinda ikawa na harufu ya tunda lililoiva sana, macho yakachangamka. Darasani alikaa dawati moja na rafiki yake, msichana mwembamba waliyemwita Kibanzi, na kazi yao kubwa ilikuwa kunong'ona. Mwalimu mkuu hakutaja tena habari za ngazi.

Ukaja msimu wa baridi. Mafuta yakawa magumu kama sabuni ya mche. Mama Kitinda alilalamika siku moja, si kwa kulaumu, kwamba kisu kimemshinda na vipande havikubali kupimika. Hamira akasema hilo ni jambo dogo. Akachukua boksi zima, akayalainisha huko huko bekarini juu ya tanuri, akayapiga kwa mwiko mpaka yakawa ororo, akayaleta yamejaa ndoo. Mkewe akamsifu, naye akajisikia mwanamume.

Siku chache baadaye Kitinda alianguka darasani. Alijipasua paji la uso kwenye ukingo wa dawati. Walipompima, kijiti kilibaki na rangi ya maziwa. Wakapima kesho yake, vilevile.

Mtoto amekula kitu. Hilo halikuwa na mjadala, kwani mafuta si yaleyale, mayai si yaleyale, na mizani haisemi uongo? Wakamweka kitako. Hamira mwenyewe ndiye aliyeuliza, kwa ile sauti laini ambayo watu wazima tunaitumia tukiwa tumeshahukumu.

"Sema tu, mwanangu. Hatutakuchapa. Tukijua, tutajua la kufanya."

"Sikula kitu, baba."

"Kitinda."

"Sikula."

"Mama yako halali. Unamwona mama yako?"

Mtoto akamtazama mama yake. Mwishowe akasema alikula pipi. Nani alimpa? Akakunja pindo la gauni lake. Nani? Akasema Kibanzi.

Habari zikapelekwa shuleni siku hiyo hiyo. Mwalimu wa darasa, ambaye aliogopa sana ile damu kwenye dawati, alimsimamisha Kibanzi mbele ya wenzake, akamwambia alikuwa nusura aue mtu, kisha akamhamishia nyuma kabisa, dawati la peke yake. Kibanzi alikana mpaka sauti ikamwisha. Watoto, kwa wema wao unaojulikana, wakambandika jina la Mama Sumu.

Kitinda akawekwa nyumbani apone kidonda. Na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika, maana hata nyumbani, pasipo Kibanzi wala pipi, vijiti havikugeuka rangi, na macho yake yakaganda tena mezani, na tena. Hamira akapekua begi la shule. Akapekua chini ya godoro la mtoto, mtoto mwenyewe akiwa amesimama pale mlangoni anamtazama. Hakupata kitu. Badala ya kuona haya, aliona mtoto amekuwa hodari wa kuficha.

Asubuhi moja mama alikwenda hospitali kuomba ushauri, kwa sababu wote wawili walikuwa wamefika mwisho wa akili zao. Hamira, ambaye saa zile kwa kawaida huwa amelala usingizi wa mwoka mikate, akabaki amlishe mtoto. Akapima mafuta kama alivyoelekezwa, akayatia kwenye kikaango, akasubiri yapate moto ndipo apasue mayai. Kitinda alikuwa amekaa mezani na plasta yake kwenye paji la uso, akichezea uma.

Mafuta yakayeyuka, yakatoa povu dogo. Kisha harufu ikapanda.

Hamira alisimama na yai mkononi. Harufu ile aliijua kuliko harufu ya mkewe. Ni unga unaobanikwa. Akainamisha kikaango kwenye mwanga wa dirisha, akaona chini yake chembechembe zinageuka kahawia. Akaepua, akachota kwa ncha ya kijiko, akapuliza, akasugua kwa vidole. Kisha akachota mafuta mabichi kwenye ndoo, akayasugua pia, polepole. Hayakuteleza kama mafuta. Yalishika.

Huko bekarini, kabla ya kutia donge kwenye vibati vya kuokea, ndani hupakwa mafuta ili mkate usigande. Mafuta hayo hayapakwi matupu. Hulainishwa juu ya tanuri, hutiwa unga wa kutosha, hupigwa kwa mwiko mpaka yakawa kitu kimoja cheupe ambacho mgeni hawezi kukitofautisha na mafuta yenyewe. Hamira ndiye aliyekuwa akiyaandaa, tangu ndevu hazijamtoka. Na siku ile alipolainisha mafuta ya mwanawe, huku anapiga soga na wenzake kama kawaida yake, mkono ulifanya ulichozoea. Ulikwenda kwenye gunia la unga, ukachota, ukamwaga, ukachota tena. Hakukumbuka kuuona. Lakini aliujua mkono wake. Mtu aliyenawa mpaka nyusi ili unga usivuke mlango, alikuwa ameupitisha mlangoni ndoo nzima na kusifiwa. Wahenga walikwisha sema kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nataka msomaji asimame naye hapo jikoni kidogo. Mke hayupo. Ndoo inamwagika kwa dakika moja. Kesho analeta mafuta mapya, magumu. Ini linasikia, linashika shoka, zambarau inarudi, na mtaa mzima unasema: afadhali mtoto ameacha wizi wa pipi. Mtoto amekwisha kiri kwa kinywa chake. Nani angeuliza? Mimi nawajua wanaume wengi wazuri, wacha Mungu, ambao wangemwaga ndoo ile na kuendelea kuwa wazuri. Na sikatai kwamba Hamira naye aliitazama ndoo, akautazama mlango wa uani, na miguu ikasogea hatua kuuelekea. Alisema mwenyewe baadaye.

Akazima jiko. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mwanawe.

"Kitinda, ile pipi. Ilikuwa rangi gani?"

Mtoto akainama. "Nyekundu," akasema, kwa sauti ya kuuliza.

"Hakukuwa na pipi."

Uma ukasimama.

"Hakukuwa na pipi, mwanangu. Ni mimi. Nilitia unga kwenye mafuta yako. Sikukusudia, mkono ulizoea, lakini ni mimi niliyekuangusha. Wewe hukula kitu. Ulisema kweli, na mimi nikakulazimisha useme uongo."

Kitinda akauweka uma mezani. Hamira alijiandaa kwa kilio, kilio angekiweza.

"Nilijua sikula," mtoto akasema. "Lakini mlivyokuwa mnaniuliza, nikaanza kudhani labda nilikula nikasahau. Kama ninavyosahau nikianguka."

Hapo Hamira akalia yeye. Mwili ule mkubwa ulitikisika kwenye kiti cha jikoni, na Kitinda akamshika sikio, kwa sababu bega lilikuwa mbali.

"Baba."

"Naam, mama."

"Kibanzi mkate wake huwa anaenda kuula nje, nyuma ya darasa, ili mimi nisiuone. Hata mvua ikinyesha. Na mimi nikamtaja."

Mama aliporudi alikuta mezani ndoo, kikaango na mume mwenye macho mekundu. Alielezwa yote. Alikasirika hasira ya haki, akasema maneno ambayo sitayaandika, kisha akaenda chumbani kukaa na bintiye. Alipotoka, akasema mafuta mapya yaletwe kwenye boksi lake, lisifunguliwe na mtu, na kisu chake atakinoa. Kuhusu shule, akashauri wasubiri zambarau irudi, wawe na hakika kabla ya kwenda kujiaibisha.

"Zambarau ni kazi ya ini," Hamira akasema. "Ikirudi, itarudi. Yule mtoto anakaa peke yake leo."

Asubuhi iliyofuata alivaa shati lake la harusi za watu, akamshika Kitinda mkono, wakaenda. Mwalimu wa darasa alimsikiliza mlangoni, akaona haya, akasema basi mzee, yanatosha, tutalimaliza ofisini. Hamira akamjibu kwa adabu: "Aliadhibiwa mbele ya wenzake, mwalimu."

Akaingia, na Kitinda akaenda kukaa kwenye dawati lao la mbele. Watoto walimjua, wakaanza kucheka kabla hajasema kitu, maana walizoea kuchekeshwa. Akapita katikati ya madawati mpaka nyuma kabisa, akapiga magoti, na kwa ukubwa wake hata akiwa amepiga magoti macho yake yalikuwa sawa na ya Kibanzi. Kicheko kikafa.

"Kibanzi, mimi ni baba yake Kitinda. Nimekuja kukuomba radhi. Hukumpa mwenzako pipi. Kilichomwangusha nilikileta mimi, kwa mikono yangu, nikakusingizia wewe. Nisamehe, mama."

Kibanzi hakumsaidia. Aliangalia meza yake, akakwangua kitu kwa ukucha.

"Mama yangu alinichapa," akasema mwishowe.

Hamira alifumba macho. Hilo hakuwa analijua.

"Nitakwenda kumwambia leo."

"Alinichapa mbele ya kaka zangu."

"Nitamwambia mbele ya kaka zako."

Kibanzi akalifikiria jambo hilo, akamtazama usoni kuona kama ni mtu wa kweli. Kisha akachukua mfuko wake, akampita pale alipopiga magoti, akaenda mbele bila kumwomba mwalimu ruhusa, na Kitinda akasogea kumpisha.